Sheria ya Ufagio

Brashi ilikuwa imeshafika kwenye kona pale rangi ilipogoma kushika. Fundi rangi aliirudisha nyuma, akaichovya tena koponi, akaikung'uta ukingoni isidondoshe, akaipitisha taratibu kutoka juu kwenda chini, kwa utulivu ule ule anaompakia nao mjukuu wake mafuta mgongoni. Sehemu ya juu ilikubali. Chini, pale magodoro ya watoto yatakapopangwa, rangi ilivimba na kujikusanya malengelenge madogo madogo, kama ngozi iliyoungua. Akabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba. Likapasuka, na kidole kikarudi kimelowa maji.

Alikifuta kwenye ovaroli, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Hakukuwa na mtu. Seremala alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, misumari mdomoni, akifunga miguu ya meza fupi za watoto. Mama Pacha alikaa mlangoni kwenye mwanga, foronya mapajani, anashona huku akiimba kwa puani wimbo ambao hata yeye mwenyewe hakuujua mwisho wake.

"Mbona kimya, Mama Lakini?" Seremala aliuliza bila kuinua kichwa. "Ukinyamaza hivyo sisi tunaogopa."

"Napaka."

"Kupaka hakuzibi mdomo. Mimi hapa nina misumari mdomoni na bado naongea."

"Ndiyo maana meza yako inayumba."

Mama Pacha alicheka hadi sindano ikamchoma. Seremala aliitikisa meza, ikayumba, akaitazama kwa masikitiko ya mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Haiyumbi hii. Sakafu ndiyo inayumba."

"Rudia hapo kwenye sakafu," Mama Pacha alimwambia. "Sema ina kasoro nikusikie vizuri. Ufagio ule pale."

Seremala akarudisha misumari mdomoni haraka, wakacheka wote watatu. Fundi rangi naye alicheka. Kisha akageukia ukuta, na mgongo wake ukafunika ile sehemu ya malengelenge bila yeye kuamua kufanya hivyo.

Sheria ya ufagio haikuandikwa popote, na ilikuwa na nguvu kuliko zote zilizoandikwa. Mwaka uliopita alikuja dada mmoja mpole, mwezeshaji wa vikundi, akakaa nao siku chache. Aliwafundisha kuanza kila kikao kwa kila mtu kutaja jambo moja jema, na kupanga kazi kwa kuangalia kile walicho nacho kabla ya kulilia wanachokosa. Lilikuwa fundisho zuri. Watu waliokuwa wakija kikaoni kununa walianza kuja mapema. Dada yule alipoondoka, kikundi kikaongeza chake: mtu atakayeleta maneno ya kuvunja moyo atafagia, ndani na nje, peke yake. Walianza kwa mzaha. Baada ya muda mzaha ukazoeleka, na mtu akiwa na neno zito alilipima kwanza kwa ukubwa wa uwanja.

Aliyefagia kuliko wote ni fundi rangi. Ndipo alipopata jina. Kila wazo lilipoletwa, yeye alinyoosha kidole na kusema, "Ni zuri, lakini." Wakaacha kumwita fundi, wakamwita Mama Lakini, na watoto wa mtaa wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Wala hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliwahi kuona mengi yakianza kwa shangwe na kuishia kwenye magugu, basi tu. Miaka kadhaa nyuma, kikundi kilipotaka kuweka tangi la maji la mtaa, aliuliza pampu ikiharibika atatengeneza nani, funguo atashika nani, na zamu zitapangwaje. Maswali yote yalikuwa ya haki. Aliyauliza moja baada ya jingine, kikao baada ya kikao, na hakubaki hata mara moja kusaidia kutafuta jibu. Watu wakapungua mmoja mmoja, na wazo likafa bila hata kuzikwa. Mtaa wa pili wakalichukua. Pampu yao iliharibika kweli, kama alivyosema, tena si mara moja. Wakaitengeneza. Siku hizi yeye mwenyewe huteka maji huko, na mama anayefungua bomba humwamkia kwa adabu sana. Jambo hilo humchoma kuliko kama angetukanwa.

Kwa hiyo alipoona maji kwenye kidole, alikuwa na sababu ya kupiga kimya. Tena jana yake, alipopaka mkono wa kwanza wa rangi, alihisi ubaridi pale pale chini ya brashi. Alijiambia lipu bado changa, akapaka.

Mlango ulitiwa giza na mtu mwenye mzigo. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kikundi, amekumbatia mapazia hadi kidevuni.

"Jumatatu!" Mwenyekiti alisema badala ya hodi. "Jumatatu asubuhi milango wazi. Jamani, mnakumbuka hapa palivyokuwa? Panya walikuwa wanatutazama kama sisi ndio wageni."

Chumba kile kilikuwa stoo ya mashine ya kusaga iliyokufa zamani. Ofisi ya mtaa iliwapa, nao wakaondoa mizigo ya takataka, wakachimbua sakafu mbovu na kumwaga mpya, wakapiga lipu na chokaa, ili mama wa mtaa wapate pa kuacha watoto wanapokwenda kazini. Hakuna aliyekuja kuwasaidia. Kila ufa uliozibwa ulikuwa na mkono wa mtu wanayemfahamu.

"Wifi, mikono yako ina baraka," Mwenyekiti alisema, akiutazama ukuta wa mbele. "Rangi ya maziwa imeleta mwanga."

"Ukuta huu wa nyuma, wifi..."

"Unapendeza," Mwenyekiti alimalizia, haraka kidogo. "Unapendeza sana. Na magodoro yakishapangwa pale, ndiyo kabisa."

Fundi rangi alifunga kinywa. Alidhani ni haraka ya furaha.

Jua lilipoanza kulegea, binti yake alipita na mtoto mgongoni. Binti huyu alikuwa amekaa nyumbani tangu ajifungue, akipeleka maombi ya kazi kila palipo na geti, na hatimaye chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa kimemwita. Aanze Jumatatu. Walikuwa wamemwambia wazi kwamba wapo wengi wanaoisubiri nafasi hiyo.

"Mama, sare wamenipa kubwa," alisema akicheka, akimshusha mtoto. "Naingia mimi na wewe na bado tunabaki na nafasi ya kumfichia shangazi."

"Shangazi yako yupi ataenea?" Mwenyekiti alidakia kutoka dirishani, alikokuwa anapima pazia. "Labda mkono mmoja."

Mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, alikwenda moja kwa moja hadi kona ya nyuma. Siku hiyo ilikuwa ya joto. Akaweka viganja kwenye ukuta, mahali ambapo brashi haikuwa imerudia, kisha akaegemeza shavu na kufumba macho.

"Baridi, bibi," alisema kwa raha.

Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi chake cha siku zote, kinachofuatwa na mluzi mwembamba kifuani, kama mlango unaohitaji mafuta. Kila penye ukungu na unyevu mluzi ule uliongezeka. Mara mbili walikuwa wamekimbia naye zahanati, mama yake peku, bibi yake na brashi mkononi.

"Hapo ndipo atalala?" binti aliuliza.

"Hapo ndipo magodoro yatakuwa," Mwenyekiti alijibu, na hakugeuka kutoka dirishani.

"Mama, unajua sijaamini? Juzi nilikuwa nawaza nitaikataa hiyo kazi. Mtoto nimwache wapi? Leo nina kazi na nina pa kumwacha." Akamkumbatia mama yake na ovaroli yake yenye rangi mbichi. "Sijui hata niwashukuru vipi."

Fundi rangi alimtazama usoni. Neno lilikuwa tayari, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Utachafuka," alisema tu.

Usiku huo mluzi wa mtoto ulisikika kutoka chumba cha pili, haukuwa mkubwa, na bibi yake alijikuta anapumua kwa kuufuata.

Jumamosi asubuhi aliwahi kabla ya wenzake. Alibeba kile kisu chake kipana cha kukwangulia, akijiambia kwamba anakwenda kuangalia tu. Akasogeza meza ya Seremala, akachuchumaa kwenye kona, akaingiza ncha ya kisu chini ya lengelenge kubwa. Rangi ya maziwa ikaachia kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na chokaa, kama alivyotarajia. Akakwangua chokaa.

Chini ya chokaa kulikuwa na rangi ya samawati.

Alisimamisha mkono. Ukuta huu haukuwahi kupakwa samawati. Ulipigwa lipu mpya, ukapigwa chokaa, naye akaja na rangi ya maziwa, basi. Akakwangua tena, polepole sasa, kwa adabu, kama mtu anayefunua kidonda cha mwingine. Chini ya samawati, chokaa nyingine. Chini ya chokaa hiyo, kijani cha majani. Kisha chokaa. Kisha, imeng'ang'ania chokaa ya kwanza juu ya lipu lililolowa, ile nyekundu nzito ambayo watu huiita damu ya mzee.

Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kisu mapajani. Mtu anayeishi kwa rangi huwa hakumbuki nyuso tu, hukumbuka na milango. Samawati ile ndiyo iliyopakwa kwenye makabati ya vichezeo aliyotengeneza Seremala. Kijani kile alikiona kila siku kwenye mlango wa Mama Pacha. Na damu ya mzee ilikuwa kwenye geti moja tu katika mtaa mzima. Geti hilo alilipaka yeye mwenyewe, na kopo lililobaki akamwachia mwenye nyumba.

Seremala aliingia akipiga mluzi. Akaona kona, mluzi ukakatika.

"Umekwangua," alisema.

"Nimekwangua."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Basi, Mama Lakini, sikiliza. Nilikuja kupima kabati, nikaona doa. Dogo tu, kama sahani. Nikasema nikilisema leo, na watu wameshachoka hivi, kesho hatakuja mtu. Rangi ya kabati ilikuwa mkononi. Nikapiga, juu nikapiga chokaa. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona."

"Na kijani?"

"Kijani kipi?" Akainama, akaona tabaka za chini. Macho yakamtoka. "Mungu wangu. Kumbe kuna aliyenitangulia."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Siku mliyokwenda kufuata magodoro," alisema. "Mlikuwa mnaimba njia nzima, nawasikia hadi huku. Nami niko humu natazama ukungu. Niwaambieje watu wanaoimba?"

Seremala akasema, "Tumepakiana rangi wenyewe kwa wenyewe kama vichaa," na Mama Pacha akaguna kicheko kilichochanganyika na kitu kingine.

Mwenyekiti alipofika hakuhitaji kuelezwa. Aliona ule wekundu chini kabisa, akaweka mkoba wake sakafuni na kuukalia, yeye aliyekuwa na adabu zake za kukaa. Seremala na Mama Pacha walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nje.

"Lini, wifi?" fundi rangi aliuliza.

"Wiki ile ile chokaa ilipokauka. Nilikuja peke yangu, jioni, kujionea fahari tu. Nikaegemea ukuta. Nguo ikalowa mgongo mzima." Alisema bila kujitetea. "Nikarudi nyumbani, nikachukua kopo."

"Mimi ndiye mwenye kazi hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Mwenyekiti alitabasamu, tabasamu lisilofika machoni. "Wifi, kwa roho safi, ningekuambia wewe ungesema nini?"

Fundi rangi alitaka kujibu hapo hapo, akajikuta anafikiri. "Ningesema maji yanapanda kutoka chini. Ningesema jengo halifai."

"Halafu?"

"Halafu..." Alitafuta. "Halafu basi."

"Ndiyo hiyo. Halafu basi. Hiyo ndiyo niliyoiogopa. Maji sikuyaogopa hata kidogo." Mwenyekiti alichezea mshipi wa mkoba. "Ukisema wewe, watu wanaamini, kwa sababu huwa unasema kweli. Wanaamini, wanachukua majembe yao, wanakwenda kwao. Niliwaona wakiondoka kwenye tangi. Sikutaka kuwaona tena."

Maneno hayo yalimwingia taratibu. Alikuwa na hasira nayo ilikuwa ya haki, akaishika kwa muda, akaona hana pa kuitua.

"Na wewe ukapanga mtoto wetu alale hapa," alisema.

"Nilijiambia patakauka. Kila siku nilijiambia. Ukisema jambo jema kila kikao, wifi, unafika mahali unalisema hata ukiwa peke yako." Akajifuta pua. "Ni mjukuu wangu pia. Jana aliposema baridi, nusura nianguke dirishani."

"Nami jana nilikuwa nimeshapaka mkono mmoja juu yake. Na wa pili nilikuwa nauanza."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuwa upande mmoja wa jambo, ingawa halikuwa jambo la kujivunia.

"Maji yanapanda kutoka chini," Mwenyekiti alisema baadaye. "Hilo umeliona au unalidhani?"

"Nalidhani."

"Basi kabla hujasema halifai, inuka tukaone."

Nyuma ya jengo watu hawakwenda ila kwa kutupa taka na kumwagilia maua. Maua yalikuwa ya Mama Pacha. Siku zile za kwanza za kusafisha, udongo wote uliochimbuliwa sakafuni, lipu bovu na vumbi la miaka vilitupwa huko na kurundikwa ukutani kutoka kona hadi kona, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu, na toroli lilikuwa moja tu. Baadaye Mama Pacha aliona rundo limekaa vibaya, akalisawazisha, akapanda maua juu yake. Yalikuwa yamestawi sana. Alikuwa anayamwagilia kila asubuhi na kila jioni, na wageni wote waliletwa kuyaona.

Fundi rangi alilitazama rundo. Akamwomba Seremala kamba. Wakapima ndani, kutoka kizingiti cha dirisha hadi sakafuni, wakafunga fundo. Wakapima nje, kutoka kizingiti kile kile hadi kwenye udongo wa maua. Kamba ilifika chini na ikabaki na mkia mrefu mkononi mwa Seremala.

"Kwa hiyo udongo uko juu kuliko sakafu," Seremala alisema.

"Uko juu, umeegemea ukuta, na unanyweshwa mara mbili kwa siku."

Mama Pacha alishika kiuno. "Mnataka kusema maua yangu?"

"Si maua yako. Rundo tumelitupa wote." Fundi rangi alichokonoa kwa kijiti, kikatoka na nyuzi za ufagio na takataka kavu. "Hizi hapa ni zangu. Kila nilipofagia adhabu nilikuja kumwaga hapa hapa."

"Kwa hiyo kila ulipotuonya, ukuta ulizidi kulowa," Seremala alisema, na safari hii walicheka wote, hata Mama Pacha, kicheko cha watu waliochoka kuogopana.

Mwenyekiti hakucheka muda mrefu. Uso wake ulikuwa umeanza kung'aa tena, kwa namna ile ambayo fundi rangi aliijua na kuihofia. "Basi si jengo! Ni udongo tu. Tunauondoa leo, Jumatatu tunafungua."

"Polepole, wifi. Inawezekana ni udongo. Inawezekana pia ni chini kweli. Inawezekana vyote viwili. Tukiondoa tutajua kidogo." Alijua linalofuata linamwangukia binti yake. "Na hata kama ni udongo tu, ukuta uliokunywa hivi haukauki kwa siku mbili. Jumatatu watoto hawawezi kulala humu."

Alingoja waanze kuondoka. Mwenyekiti naye alikuwa anawatazama Seremala na Mama Pacha, anangoja hilo hilo.

Seremala alikuna kichwa. "Sasa tunaanzia upande gani?"

Ndipo binti alipotokea kwenye kona ya jengo, mtoto mgongoni, amekuja kusaidia kutundika mapazia. Alikuta watu wanne wamelizunguka rundo la maua kama msiba. Mama yake alimweleza yote, tangu lengelenge hadi kamba. Hakuacha kitu.

"Ulijua jana," binti alisema.

"Nilijua nusu."

"Nilikuwa pale. Nimekukumbatia. Ulinitazama usoni, mama."

"Ndiyo."

"Ukaniacha niondoke nacheka."

"Ulikuwa hujacheka hivyo muda mrefu," mama yake alisema. "Nilitaka uendelee hata kwa siku moja."

Binti aligeuza uso. Mtoto mgongoni alikuwa amelala mdomo wazi. "Sasa niambie neno moja tu. Jumatatu niende au nisiende? Wale hawatanisubiri."

Kwa mara ya kwanza fundi rangi hakulikimbia swali. Alikuwa na kazi ya kupaka nyumba ya mtu wiki ile ile, aliyokwisha kuiahidi. Alianza kusema labda ataiahirisha, Mama Pacha akamkatiza.

"Sebule yangu ni ndogo," alisema. "Ukiinua mkono unagusa kwa jirani. Ila ni kavu. Wasiingie wote, waingie wale ambao kazi za mama zao haziwezi kungoja. Wengine wavumilie kidogo."

"Pacha wako wataweza kukaa na wenzao?" Mwenyekiti aliuliza.

"Pacha wangu hawajawahi kuweza kukaa hata wao wawili. Tutaona."

Binti alimtazama, akamtazama mama yake. "Ni kweli pakavu, au kuna mtu kapaka rangi?"

"Njoo uguse mwenyewe," Mama Pacha alisema, bila kukasirika. "Kuta zote nne. Lete na shavu la mtoto."

Binti alikwenda kweli. Aliporudi alikuwa amemlaza mtoto huko, na kanga ameifunga kiunoni. Akampita mama yake. Akachukua koleo.

Mwenyekiti alisema atapita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi. "Sasa niwaambie nini? Maana nikianza na jambo jema wataona nawazunguka."

"Waambie ulichoona," fundi rangi alisema. "Na tunachofanya. Na tusichokijua."

"Kwa mpangilio huo?"

"Wowote utakaokufaa. Ila vyote vitatu."

"Na ufagio?" Seremala aliuliza huku anavua shati. "Maana hapa leo tumevunja sheria wote. Uwanja hautatosha."

Mwenyekiti alifikiri kwa dhati, kama alivyofikiri kila jambo la kikundi. "Tufagie kwa zamu," alisema. "Kama watu wengine wote duniani." Akaondoka na mkoba wake, anatembea taratibu kuliko kawaida yake.

Walichimba mchana kutwa. Maua waliyahamisha kwanza, kila shina na bonge lake la udongo, wakayapanga kwenye makopo matupu ya rangi, na Mama Pacha akasimama juu yao kama muuguzi. Udongo ulipakiwa kwenye toroli na kupelekwa kwenye shimo la barabarani ambalo kila mtu alikuwa analikwepa. Wazazi wawili walikuja baada ya kupitiwa na Mwenyekiti. Mmoja alikuja kulalamika, akalalamika vya kutosha, kisha akaona koleo halina mtu, akalishika huku bado analalamika. Mwingine alitazama tu, akasema atampeleka mwanawe kwa dada yake, akaaga. Hakuna aliyemwita.

Jioni fundi rangi aliingia ndani na penseli. Akachora mstari mwembamba kuufuata mpaka wa unyevu, kutoka kona hadi karibu na dirisha, unaopanda na kushuka kama mlima uliochorwa na mtoto. Alikuwa amekwangua tabaka zote hapo, ili ukuta upumue. Kona nzima ilikuwa mbaya, yenye madoa ya kila rangi, na mtu yeyote angeiona tangu mlangoni.

Binti aliingia, akasimama nyuma yake, nywele zimejaa vumbi.

"Pale tulipofika kwenye msingi," alisema, "udongo wa chini nao una unyevu."

"Nimeona."

"Ni maji ya maua, au ni ya ardhini?"

"Sijui bado."

"Patakauka, mama?"

Zamani angejibu upesi. Aliweka penseli nyuma ya sikio, akainama kuokota maganda ya rangi yaliyotapakaa sakafuni, na binti yake akainama pia kumsaidia.

"Tumemaliza kama nusu ya ukuta," alisema. "Kesho tumalize ule upande wa dirisha, tuone mstari huu umekaa wapi. Njoo na viatu vingine, hivyo vya kazini vitaharibika."

Nje, Seremala aliligeuza toroli kifudifudi lisijae umande, akaegemeza makoleo juu ya rundo lililobaki.